Chai Iliyoshika Udi

Jumapili, 6 Oktoba

Miguu. Saa kumi za kusimama, na basi la kampuni likachelewa tena. Al Wukair, tunakolala, ni mbali. Nimeoga, nimekula kiporo cha wali, naandika nikiwa nimelala chali na miguu nimeiegemeza ukutani.

Wateja wa duka letu la chai huku The Pearl, Doha, hawana haraka. Wanakaa, wanapiga vikombe picha, wanaiacha chai ipoe. Mimi narudia yale yale. Hii imetoka mlimani. Hii ilianikwa juani. Tafadhali onja kwanza bila sukari. Natabasamu mpaka mashavu yanauma.

Madam Liang, mwenye duka, ametangaza leo kwamba Alhamisi ataufungua mkate. Mimi na Nalongo ndio tunaouita mkate. Ni chai ya Puer iliyoshindiliwa ikawa duara gumu, bapa, ukubwa wa sahani, ikafungwa kwa karatasi ambayo sasa imekuwa ya kahawia. Baba yake Madam aliununua akauweka nyumbani kwao Penang, Malaysia. Alipofariki, Madam akaja nao hapa. Una miaka thelathini na mitatu. Mimi nina thelathini na mmoja. Umenizidi miaka miwili na haujasimama hata siku moja.

Anauonja kwanza yeye, halafu baadaye mwezi huu atampikia mzee mmoja Mqatari, mteja wetu wa tangu tulipofungua. Tunamwita Bu Fahad.

Nalongo yeye hajali mkate. Anahesabu siku. Ni Mganda wa Masaka, mtunza stoo wetu, na hilo Nalongo si jina lake bali ni cheo cha mama wa mapacha. Tarehe 24 anakwenda likizo. Miaka mitatu hajawaona watoto wake. Amebandika kalenda kwenye mlango wa stoo na kila asubuhi anakata siku kwa kalamu nyekundu.

Nimechoka. Basi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Wateja wachache, joto limerudi. Nimekaa dakika ishirini nzima.

Nilikuwa nafikiria jinsi nilivyofika kwenye ile meza ya kumiminia wateja chai. Niliajiriwa kuosha vyombo. Kwetu Kericho mama amechuma chai miaka ishirini na sita, lakini chai niliyokulia mimi ni maziwa, majani na sukari, ichemke mpaka ifure. Siku Madam aliponipa kikombe changu cha kwanza cha Puer mbichi, changa, nilidhani ananiadhibu. Chungu kama mwarobaini. Ukakasi ukaushika ulimi kama ndizi isiyoiva. Akaniambia nisubiri. Nikasubiri. Baada ya muda utamu ukapanda kutoka kooni, polepole, mahali ambapo hakukuwa na kitu. Nikamwambia. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Wiki iliyofuata nilikuwa mezani.

Yeye ndiye aliyenifundisha tofauti. Kuna Puer ya kuivishwa: inarundikwa, inamwagiwa maji, inafunikwa, na kwa wiki chache imekuwa nyeusi. Na kuna mbichi, ambayo haiharakishwi na mtu. Inawekwa tu. Kila mwaka inapungua ukali. Mwaka jana alinionjesha ya miaka ishirini. Uchungu ulikuwepo bado, lakini umekaa chini. Juu yake kafuri kidogo, halafu mbao za ghala la mahindi, halafu tende kavu.  Sikuwa najua kitu cha kunywa kinaweza kuwa na umri.

Kabati la hiyo chai lina sheria moja. Hakikai kitu kingine humo. Hata penseli. Majani hunywa kila harufu iliyo karibu nayo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mkate umefunguliwa.

Madam aliuchokonoa pembeni kwa kile kisu chake chembamba, majani yakaachia bila kuvunjika. Kahawia, na huku na huko uzi wa dhahabu. Maji ya kwanza aliyamwaga. Ya pili akatumiminia mimi na yeye. Rangi ya asali ya msituni.  Ni chai ya baba yake.

Nikanywa.

Kafuri ilikuja. Mbao zikaja. Kisha, kabla sijameza, kitu kingine kikapanda juu ya vyote. Kizito, kitamu, cha harusini. Udi.

 Nilijua palepale umetoka wapi.

Madam alikuwa ananitazama. "Chebet, unaonja nini?"

"Mbao, Madam. Mbao za zamani."

Akanywa tena. Akafumba macho. Akakiweka kikombe chini, akasema niendelee na wateja.

Si uongo mtupu. Udi ni mti. Njia nzima kwenye basi nimejiambia hivyo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mapumziko. Sikwenda kanisani, ingawa huku ibada ni Ijumaa. Niandike ilivyokuwa, angalau hapa.

Tarehe 28 mwezi uliopita mama mmoja Mqatari alifurahia huduma, akanipa kikopo cha vipande vya udi. Zawadi zote tunatakiwa kumwonyesha Madam. Sikumwonyesha. Sijui kwa nini. Nilitaka kitu kimoja kiwe changu bila kuulizwa.

Siku hiyo makabati yetu ya nguo yalikuwa yanapakwa rangi. Nalongo alikuwa ameniachia ufunguo wa kabati la chai, akaenda kuswali alasiri. Nikakiweka kikopo rafu ya juu, nyuma ya mkate, kwenye kona ambako hakionekani. Saa moja tu, nikajiambia. Halafu wakaingia watu wa sherehe, meza tano kwa mpigo, na tulipomaliza sikuwa na kichwa. Nilipanda basi nikalala nimesimama.

Siku kumi na mbili. Sikukumbuka mpaka nilipoonja. Ni kweli. Hata mimi nasadiki kwa shida.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nilimwambia Nalongo nahitaji Puer changa. Akanipa ufunguo bila hata kuinua kichwa. Kikopo kilikuwa palepale. Kifuniko hakijakaza. Nikakitia kwenye mkoba wangu.

Saa nne Madam akaingia stoo. Akafungua kabati, akanusa rafu moja baada ya nyingine. Akafika ya juu akasimama hapo. Kisha akageuka.

Nalongo hufukiza nguo zake kwa udi kila Ijumaa. Kila mtu anajua. Akipita, unajua amepita. Madam alimsogelea, akanusa hewa kando ya bega lake.

"Unaweka nguo zako humu?"

"Hapana, Madam."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi."

"Mwingine?"

Nalongo alinitazama, mara moja tu, si kwa kunishuku. "Mimi ndiye ninayewajibika, Madam."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao nimeshika sinia la vikombe. Sinia halikutetemeka. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Likizo ya Nalongo imesimamishwa mpaka jambo hili liishe. Madam alimwambia faragha, lakini kuta zetu ni mbao nyembamba.

Nalongo amekuja bila udi. Mara ya kwanza tangu nimjue. Amefua hijabu zote kwa siki, vidole vimemchubuka. Mchana tulikuwa wawili stoo. Akasema, "Labda kweli ni mimi, Chebet. Labda nilitundika koti humo siku moja bila kufikiri. Mtu akichoka anafanya vitu hata havijui."

Nikamjibu, "Labda."

Naliandika hilo neno ili nilione. Labda.

Jumatano, 16 Oktoba

Kalenda haipo tena mlangoni. Zimebaki alama nne za gundi.

Nilihudumia watu. Sikuonja chochote. Kila chai ilikuwa maji ya moto.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimempigia mama. Nilitaka kusikia sauti tu. Nikajikuta nimemwambia yote.

Hakunikatiza. Nilisikia kuku wake. Nilipomaliza akauliza, "Mimi nilikuwa nawaweka wapi vitunguu?"

"Jikoni, mama."

"Na majani ya chai?"

"Chumbani kwako."

"Kwa nini?"

 Tangu nikiwa na miaka mitano najua kwa nini.

"Kwa hivyo ulijua," akasema. "Kuchoka nakuelewa. Mimi nimechoka tangu kabla hujazaliwa. Lakini huyo mwenzako ana watoto wangapi?"

"Wawili. Mapacha."

"Sasa unanipigia mimi kwa nini?"

Akaniuliza kama ninakula vizuri, akakata.

Nina hasira naye. Hakuna alichokosea.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimesema.

Nilichukua teksi na mfanyakazi mmoja wa hoteli ya jirani ili nifike kabla ya wengine. Madam huwa hapo mapema, anafuta buli zake za udongo mwenyewe, hamruhusu mtu. Nikakiweka kikopo mbele yake juu ya meza. Nikamweleza kwa mpangilio: zawadi, rangi ya makabati, ufunguo, rafu ya juu. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Sikulia. Sauti ilitoka kama natangaza menyu.

Alikifungua, akanusa, akakifunga.

"Alhamisi ile nilikuuliza unaonja nini."

"Ndiyo, Madam."

"Ulikuwa unajua?"

"Kabla sijameza."

 Nje wafanyakazi walikuwa wanaosha njia ya gati la boti kwa mpira wa maji. Nilitamani niwe mmoja wao.

"Nina miaka sitini na minane," akasema. "Ulimi wangu si ule wa zamani. Vitu vingine navisikia, vingine sivisikii. Kwa nini unafikiri nilikutoa kwenye sinki?"

Sikuwahi kufikiri. Nilidhani ni bahati.

"Uliposema mbao, nikaamini ni mimi. Siku mbili nzima niliamini ulimi wangu umekufa, na chai ya baba yangu siwezi tena kuionja. Kisha nikanusa kabati, nikashukuru. Unaelewa? Nilishukuru kumpata wa kulaumiwa."

Hakupandisha sauti hata mara moja. Afadhali angepandisha.

Uamuzi wake: Nalongo ataondoka tarehe 24 kama ilivyopangwa. Mimi narudi jikoni kuanzia leo. Sunita, yule msichana wa Nepali, anakaa mezani, na kwa kuwa atahitaji miezi kujifunza na watu ni wachache, likizo yangu ya Desemba haipo. "Habari ya kikopo ingekwisha kwa ugomvi wa siku moja," akasema. "Watu huchoka. Lile jibu la mbao ndilo siwezi kukaa nalo meza moja."

Nikamwomba jambo moja. Nimwambie Nalongo mwenyewe. Akakubali, akanipa mpaka kesho saa sita. Leo ni siku ya Nalongo ya mapumziko.

Nimeosha vyombo siku nzima. Mikono imekumbuka haraka.

Jumapili, 20 Oktoba

Nilimkuta stoo anahesabu makopo ya chai ya maua. Nikafunga mlango. Nikasema nikiwa nimesimama, bila kuzungukazunguka. Aliendelea kuhesabu mpaka mwisho wa rafu. Nilifikiri hakunisikia.

Kisha akakaa juu ya katoni.

"Siku nane," akasema. "Siku nane nimefua. Nimeomba toba kwa Mungu kwa kitu ambacho sikufanya. Nimewapigia watoto nikawaambia mama haji kwa sababu mama alikosea kazini. Nakato, yule pacha mdogo, akaniuliza, ulivunja nini?"

"Nisamehe, Nalongo."

"Nilikwambia labda ni mimi. Ukaniangalia, ukasema labda."

"Ndiyo."

"Hilo ndilo linauma. Kikopo hakiumi."

Wa pili sasa kuniambia hivyo.

Nikamwambia atasafiri, tarehe haijabadilika. Akafunika uso kwa viganja vyote viwili na mabega yakatikisika, sikujua ni kilio au ni pumzi tu inatoka. Nikataka kumshika. Sikuthubutu.

"Nitakusamehe," akasema baadaye, akisimama. "Si leo. Leo niache nifanye kazi."

Madam alimwita saa saba. Walikaa muda mrefu. Mlango ulipofunguliwa, Madam ndiye aliyetoka macho mekundu.

Jumanne, 22 Oktoba

Bu Fahad amekuja. Madam alikuwa amempigia simu kumwambia mkate umeharibika, na umeharibikaje. Mzee akasema anakuja hivyo hivyo.

Kutoka kwenye dirisha la jikoni naona meza nusu. Niliona mikono ya Sunita, inaogopa, na kanzu nyeupe ya mzee. Madam alimimina mwenyewe. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu.  Kila kikombe mzee alikinywa chote.

Cha nne alikishika muda. Halafu akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, na mimi nikazima bomba nisikie, "Udi mzuri. Chai nzuri. Lakini hawakupaswa kuoana."

Madam akacheka. Wiki mbili hatujamsikia akicheka.

Mzee akaendelea. Alisema cha kwanza kilikuwa udi wote, na hiki cha nne udi umeanza kuondoka, chini yake kuna mtu mzima amekaa anasubiri wageni waende. Akamshauri asiutupe. Madam alishafikiria hilo. Ameubomoa mkate vipande vipande, ameutia kwenye mtungi wa udongo mdomo wazi, chumba cha peke yake, mbali na jikoni. Anasema chai ipewe mwaka. Huenda ikasafika, huenda isisafike. Hakuna anayejua.

Mzee alipoondoka, baada ya kumiminiwa mara kumi, Sunita aliniletea birika ili nioshe. Majani yalikuwa yamefunguka kabisa, mapana, laini, ungedhani yamechumwa juzi. Nilimimina maji ya moto juu yake, nikanywa nikiwa nimesimama kwenye sinki. Maji ya kumi na moja au kumi na mbili. Udi ulikuwa mbali sana. Kulikuwa na utamu mwembamba tu, na kitu kama mvua ya kwanza kwenye vumbi. Uchungu haukuwepo tena. Niliutafuta.

Nikaosha birika.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nalongo ameondoka.

Niliomba ruhusa ya saa moja, Madam akaniitikia kwa kichwa. Masanduku yalikuwa mawili, ameyaleta kazini alipokuja kuaga. Nikaomba nibebe. Akanipa dogo. Tukashuka ngazi, jua limeshakuwa kali saa tatu asubuhi.

Alikuwa amevaa hijabu ya kijani. Haikuwa na harufu yoyote.

Dereva alipokuwa anapakia, akaniuliza, "Mama yako umemwambia Desemba huendi?"

"Nimemwambia."

"Amesema nini?"

"Amesema jogoo aliyekuwa anichinjie atapata mwaka mmoja zaidi wa kuishi."

Mdomo ukamcheza. Karibu acheke, akajizuia. Akaingia garini. Alishusha kioo nikadhani ana neno, kumbe alikuwa anatoa ncha ya hijabu iliyonaswa mlangoni. Nilimsaidia kuichomoa. Akasema, "Kale," yaani sawa kwa lugha ya kwao, na gari likaenda.

Nilirudi kwenye vyombo. Vikombe mia mbili na kitu. Mgongo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mapumziko. Nimelala mpaka saa tano. Wenzangu wa chumbani wamekwenda Lusail kutembea, wameniuliza, nimekataa. Sina miguu.

Nimepika chai ya maziwa. Nimeiacha ikapoa ikafanya utando. Nimeinywa hivyo hivyo.

Saa nane kikaingia kipande cha sauti kutoka kwa Nalongo. Sekunde sita. Neno moja tu, "Nimefika." Zinazobaki ni kelele, watoto wawili wanagombania kitu, na mwanamke mzima anacheka kwa mbali.

Nimekisikiliza mara mbili. Sijajibu. Sijui nijibu nini, na nadhani hahitaji.

Nimepiga pasi shati la kesho, kwa mazoea ya mezani. Aproni ya jikoni haihitaji pasi.